Kabati letu nalo limefungwa

Tarehe 28 Februari 2019, Chuo Kikuu cha California chenye kampasi 10 kilitangaza kwamba hakitatia tena saini mkataba wa majarida na kampuni ya Elsevier. Kilikuwa kikiilipa zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka. Sweden ilikuwa imekwisha kuacha mkataba wake katikati ya mwaka 2018. Nchini Ujerumani, vyuo na taasisi zipatazo 200 zilikuwa zimejitoa moja baada ya nyingine. Na kabla ya hao wote, mwaka 2012, walimu wa Harvard waliandikiwa waraka wa kuwaeleza kwamba majarida ya wachapishaji wakubwa yanaigharimu maktaba yao karibu dola milioni 3.75 kwa mwaka, na kwamba hali hiyo haiwezi kuendelea.

Habari kama hizi zikifika Kasongo, wengi wetu tunacheka. Tajiri analia bei ya nyama mbele ya mtu aliyelala bila sombe. Maktaba ninazozijua mimi, kuanzia hapa mpaka Kabambare, hazijawahi kuwa na mkataba wa namna hiyo hata siku moja; sasa zitavunja nini? Mwenzangu mmoja alisema darasani kwamba sisi tulijitoa kabla hatujaingia.

Kucheka nacheka, lakini sikubali kwamba jambo hili halituhusu. Linatuhusu, ila si kwa namna tuliyozoea kulisema. Tumezoea kusema kwamba utafiti wetu umekwama kwa sababu majarida ya Ulaya na Marekani yamefungwa, na kwamba siku serikali au mfadhili atakapotulipia, tutaanza kazi. Mimi naona kwamba waliovunja mikataba wametufundisha kinyume chake: jarida si mali ya kampuni peke yake, ni kazi ya wanaoandika, wanaosoma miswada na wanaohariri. Mwenye kulijua hilo haketi mlangoni pa mtu kungoja afunguliwe. Na katika Maniema kusini, kabati lililofungwa linalotuumiza zaidi haliko Amsterdam. Liko ndani ya vitivo vyetu wenyewe.

Kwanza tutazame kilichotokea huko. Mnamo Julai 2019 watafiti wa California walikatiwa makala mapya ya Elsevier. Utafiti haukusimama. Watu waliwaandikia waandishi na kuomba nakala. Maktaba ziliazimana. Wengine walitafuta toleo ambalo mwandishi mwenyewe alikuwa ameliweka wazi kwenye hifadhi ya chuo chake. Na katika nchi nyingi, tajiri kwa maskini, watu wamekuwa wakipitia Sci-Hub, iliyofunguliwa mwaka 2011 na Alexandra Elbakyan wa Kazakhstan, na ambayo mahakama ya New York iliiamuru mwaka 2017 kuilipa Elsevier dola milioni 15. Agosti 2019, wanasayansi zaidi ya 30 wa California, wakiwamo Jennifer Doudna na Elizabeth Blackburn, walisema hawatahariri tena majarida ya Cell Press, ambayo ni ya Elsevier, mpaka mazungumzo yaanze upya. Machi 2021 mkataba mpya ukatangazwa. Sweden ilikuwa imepata wake mwishoni mwa 2019. Ujerumani ilipata mwaka 2023.

Wale watu waliweza kugoma kwa sababu walikuwa na njia nyingine. Kazi nyingi za wenzao zilikuwa zimekwisha kuwekwa mahali fulani ambapo mtu anaweza kuzifikia bila kupitia dirisha la malipo. Sisi tukijilinganisha nao, tusiangalie fedha tu. Tuangalie pia kama tuna mahali pa namna hiyo.

Sasa turudi kwetu, maana Kasongo si mahali ambapo hapajaandikwa. Mwaka 1981 jarida la The Lancet lilichapa utafiti wa kundi lililojiita Kasongo Project Team, lililofanya kazi hapa pamoja na Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp. Utafiti ulihusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wa miezi 7 hadi 35. Ulionyesha kwamba chanjo ilipunguza vifo, kisha ukauliza swali gumu: je, watoto waliookolewa na surua hawafi baadaye kwa maradhi mengine? Swali hilo lilizua mabishano ya miaka mingi kati ya wataalamu wa afya, na jina la Kasongo likazunguka dunia. The Lancet imekuwa mali ya Elsevier tangu 1991. Akina mama waliowabeba watoto wao kwenda kuchanjwa wana wajukuu wanaosoma leo katika vyuo vya mji huu, na mjukuu akitaka kujua bibi yake alisaidia kugundua nini, lazima aanze kwa kutafuta mega za kuingia intaneti.

Upande wa lugha mambo ni yale yale. Habari za maisha ya Tippu Tip, ambaye Kasongo ilikuwa moja ya ngome zake za biashara ya pembe na watumwa, ziliandikwa kwa Kiswahili, na zilichapwa kwanza mwaka 1902 na 1903 katika jarida la Seminari ya Lugha za Mashariki ya Berlin, kwa mkono wa Mjerumani Heinrich Brode. Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilizichapa tena mwishoni mwa miaka ya 1950 pamoja na tafsiri ya Whiteley. Kibangubangu, lugha ya watu wengi wa Kabambare, kina maelezo ya sarufi yaliyoandikwa na A. E. Meeussen na kuchapwa Tervuren mwaka 1954. Maelezo hayo yako kwa Kiholanzi. Mwanafunzi wa Kabambare akiyapata leo bure kabisa, bado atahitaji mtu wa kumsomea lugha ya mama yake.

Nayataja haya ili tuone kwamba bei ni kufuli moja tu. Lugha ya kuandikia ni kufuli la pili. Mahali karatasi ilipowekwa ni kufuli la tatu. Hata makampuni yangefuta bei zote kesho asubuhi, haya mawili ya mwisho yangebaki palepale.

Kuna wanaosema: lakini nchi maskini zinapewa bure. Ni kweli, na ni jambo la kushukuru. Mpango wa HINARI ulianza mwaka 2002 kwa ajili ya afya, AGORA ukafuata mwaka 2003 kwa ajili ya kilimo, na OARE mwaka 2006 kwa ajili ya mazingira. Leo yote iko chini ya jina la Research4Life, na Kongo yetu imo katika kundi la nchi zisizolipa. Chuo ambacho hakijajiandikisha huko kinajinyima chenyewe, na nawaomba wakuu wetu walitazame hilo. Lakini angalieni tarehe na majina ya mipango hiyo: ilizaliwa kwa ajili ya hospitali na mashamba, si kwa ajili ya sarufi. Tena zawadi ina mwenyewe. Januari 2011 wachapishaji kadhaa waliiondolea Bangladesh majarida zaidi ya 2,500 waliyokuwa wakiipa kupitia HINARI. Baada ya kelele kubwa waliyarudisha. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako; tuivae siku ya haja, ila tusiache kushona yetu.

Habari njema, ambayo naona wengi katika vitivo vya lugha hawaijui, ni kwamba sehemu kubwa ya majarida ya fani yetu iko wazi. Swahili Forum, iliyoanza mwaka 1994 na sasa inatoka Leipzig, inasomwa bure. Johannes Fabian na Vincent de Rooij walifungua Amsterdam hifadhi ya matini za Kiswahili cha Kongo, hasa cha Katanga, pamoja na jarida lake, na hawamtozi mtu. Jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambalo shina lake ni lile taarifa la Kamati ya Lugha lililoanza mwaka 1930, linapatikana kwenye tovuti ya chuo hicho. Kwa hiyo anayeandika juu ya Kiswahili cha Kasongo hawezi kuilaumu Elsevier kwa ukurasa wake mtupu wa marejeo. Anaweza kulaumu mtandao, umeme na bei ya mega, na hapo nitamwunga mkono.

Lakini funzo kubwa zaidi kwa watu wa lugha ni la jarida la Lingua. Lilianzishwa mwaka 1949, na lilikuwa moja ya majarida yenye heshima katika isimu. Mwaka 2015 wahariri wake wote sita na bodi yao ya watu 31 waliitaka Elsevier ilifanye jarida kuwa la wazi kwa bei ambayo mtafiti ataiweza. Ilipokataa, walijiuzulu wote. Mhariri mkuu, Johan Rooryck, na wenzake wakaanzisha jarida jipya, Glossa, ambalo kila mtu analisoma bure. Elsevier ilibaki na jina la Lingua na kutafuta wahariri wengine. Waandishi na wasomaji wa miswada wengi waliwafuata watu, hawakulifuata jina. Wanaisimu, watu wa fani yetu, ndio walioonyesha mahali heshima ya jarida inapokaa.

Sitaki kuipamba picha kupita kiasi. Mikataba mipya iliyofuata ile migomo imefungua mlango wa kusoma na mara nyingi imeweka tozo kwenye mlango wa kuandika. Katika mkataba wa Ujerumani na Wiley wa mwaka 2019, kila makala ilihesabiwa euro 2,750. Jarida la Nature lilitangaza mwaka 2020 kwamba makala moja ya wazi itagharimu hadi euro 9,500. Nchi kama yetu mara nyingi husamehewa, lakini msamaha unaombwa, na anayeomba hujiona mgeni. Mtu akituambia kwamba shida ya majarida imekwisha kwa kuwa sasa mwandishi ndiye anayelipa, tumwulize ni mwandishi gani wa Kasongo anayemzungumzia.

Sasa nafika kwenye kabati letu. Kila mwaka, katika vitivo vya lugha vya mkoa huu, wanafunzi wanaandika TFC na memwari. Kuna anayekusanya majina ya ukoo wa Wabangubangu. Kuna anayelinganisha Kizimba na Kiswahili cha sokoni. Kuna anayeandika methali alizopewa na wazee ambao baadhi yao hawapo tena. Anatetea kazi yake, anapigiwa makofi, picha zinapigwa, na nakala inawekwa kwenye kabati la ofisi. Ufunguo anao mtu mmoja. Mtu huyo akisafiri kwenda Kindu, elimu ya Kibangubangu imesafiri naye. Na nje ya ile nakala, nyingine iko kwa mwongozi na nyingine kwenye sanduku la mwandishi, mchwa wakiruhusu.

Sci-Hub haina kazi hizo. HINARI haina. California, pamoja na dola zake zote, haiwezi kuzinunua, kwa sababu hakuna anayejua kuwa zipo. Tunailaumu Elsevier kwa kuweka bei mlangoni. Sisi hatukuweka hata mlango. Na huku kwetu karatasi ya nakala moja iko hatarini kuliko mahali pengine: mvua inapenya mabati, na vita vimepita Kasongo na Kabambare zaidi ya mara moja. Mzee aliyempa mwanafunzi maneno 400 ya uvuvi au ya uwindaji hatarudi kuyasema tena karatasi ikioza.

Najua sababu zinazotolewa, nami sizidharau. Ya kwanza ni wizi: ukiiweka kazi wazi, mtu ataiiba na kuitetea kwingine kwa jina lake. Lakini wizi unastawi gizani. Kazi iliyofichwa ndiyo inayoibwa bila mtu kugundua, kwa kuwa hakuna anayeweza kulinganisha. Kazi iliyo wazi, yenye jina na tarehe, ina mashahidi wengi kama ilivyo na wasomaji.

Sababu ya pili ni aibu: kazi zetu zina makosa, wageni watatucheka. Baadhi zina makosa kweli. Lakini orodha ya maneno iliyokusanywa kwa uangalifu Kabambare ina thamani hata kama sura ya nadharia ni dhaifu, na anayejua kwamba kazi yake itasomwa huandika kwa hadhari zaidi. Mwongozi naye husoma kwa hadhari zaidi.

Sababu ya tatu husemwa kwa sauti ya chini: nakala zina bei yake. Kuna mahali mwanafunzi anatakiwa kutoa kitu kidogo ndipo aoneshwe kazi ya mwenzake aliyemtangulia. Sitataja mahali. Nasema tu kwamba anayefanya hivyo hana haki ya kumsema vibaya mchapishaji wa Ulaya. Tofauti yao ni ukubwa wa duka.

Napendekeza nini? Sipendekezi mradi wa kungoja mfadhili. Napendekeza salongo. Tunaijua salongo ya kufagia njia na kufukia mashimo. Tuifanye na ya memwari. Jumamosi moja kwa mwezi wanafunzi wachukue simu zao, wapige picha kurasa za kazi zilizomo kabatini, ukurasa kwa ukurasa, wazipange katika faili moja kwa kila kazi. Simu nyingi tulizo nazo zinatosha kwa hilo. Kwanza itengenezwe orodha: jina la mwandishi, kichwa, mwaka, lugha iliyochunguzwa, kijiji kilichotoa data. Orodha hiyo peke yake, ikibandikwa ukutani, itakuwa hatua kubwa.

Mwandishi aombwe ruhusa kwa maandishi; wengi wao wanafundisha katika sekondari za mkoa huu na wanapatikana kwa simu. Wazee waliotoa hadithi waheshimiwe pia: kilichosemwa kwa siri ya ukoo kisiwekwe hadharani. Faili zinakiliwe kwenye kadi za simu na flashi, nakala moja ibaki Kasongo, nyingine ipelekwe Kabambare, nyingine Kindu. Faili ikiwa kwenye kadi haihitaji mega ili isomwe. Siku chuo kitakapokuwa na hifadhi yake kwenye intaneti, kazi itakuwa imekwisha kuandaliwa, na mtu aliyeko Lubumbashi, Dar es Salaam au Leipzig ataipata bila kumwomba ruhusa mwenye ufunguo.

Kwa walimu wetu nina ombi moja la heshima. Profesa, asistanti, kila mmoja wenu mwenye makala iliyochapwa nje, mara nyingi ana haki ya kutunza na kutoa toleo lake mwenyewe la mwisho kabla kampuni haijalipanga kurasa. Mtupe hilo. Litakuwa somo la kwanza kwa mwanafunzi kwamba mtafiti anamiliki kazi yake.

Na kila memwari iwe na muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa peke yake, ili mzee wa Kabambare aliyesemewa humo asomewe na mjukuu wake na kusahihisha tulipokosea. Jarida hili la wanafunzi linaweza kuichapa mihtasari hiyo. Halina jina la Lingua, lakini tumeona jina linabaki na nani watu wakiondoka.

Waliovunja mikataba walikuwa na fedha nasi hatuna, tukubali hivyo. Lakini kufungua kabati letu hakungoji mkataba wa mtu yeyote. Nataka mwanafunzi atakayeandika juu ya Kibangubangu mwaka ujao aanzie pale mwenzake wa mwaka huu alipoishia, asilazimike kuanza tena pale Meeussen alipoishia mwaka 1954.